Kukiri mbele ya wazee
Kesi nyingine za unajisi za huku Ogembo hupitia kwa wazee kabla ya kufika kwa hakimu, na mtuhumiwa huomba msamaha mbele ya ukoo mzima. Ndugu husema yamekwisha, amekiri! Sheria ya Ushahidi ya Kenya haioni hivyo. Kwa sheria hiyo, ungamo halipokelewi ila likitolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi mwenye cheo asiyepeleleza kesi hiyo, tena mshukiwa awe na shahidi aliyemchagua mwenyewe. Naliunga mkono sharti hilo. Maungamo ya seli tunayajua. Wasichojua wengi ni kifungu cha 124 cha sheria hiyohiyo: katika makosa ya kingono, maneno ya mwathiriwa peke yake yaweza kumtia mtu hatiani, mradi hakimu aridhike kwamba anasema kweli na aandike sababu. Hapo kwenye kuandika ndipo penye kazi. Hakimu akiandika “nimemwamini” tu, rufaa ina mlango. Na fomu ya P3, ile ya uchunguzi wa daktari, inayojazwa wiki kadhaa baadaye, wazee wakiwa wameshagawana mbuzi wa fidia, huwa haina mengi ya kumsaidia hakimu.