KIJIKO KUUKUU, TREKTA KUUKUU

Kila masika yanapokaribia, kilio hurudi kile kile katika mabonde ya mpunga ya Unguja na Pemba: mitaro imeziba, na majembe ya mkono hayatoshi. Mtambo kamili wa kuchimbia ni ghali kuununua, na hata kuukodi si kazi nyepesi. Ndipo linapozuka shauri la kununua kijiko kilichokwisha tumika ng'ambo na kukifunga nyuma ya trekta la zamani la ushirika.

Shauri hilo si la kubezwa. Mtambo huu wenyewe ulizaliwa hivyo hivyo. Mwaka 1953 Joseph Bamford wa Uingereza alifunga kijiko nyuma na beleshi la kupakia mbele ya trekta la kilimo la Fordson Major, na ndiyo asili ya mitambo ya JCB tunayoiona barabarani. Kwa hiyo suala si kama inawezekana. Suala ni namna ya kufunga, na nani atakagua.

Trekta limeundwa kukokota. Kijiko husukuma, huinua na hupinda kushoto na kulia. Kikining'inizwa kwenye mikono mitatu ya nyuma pekee, kisha kikakutana na jiwe au mzizi wa mwembe, mtambo mzima unaweza kunyanyuka na kumbana mwendeshaji, ambaye wakati huo ameupa usukani mgongo. Aidha, matrekta kama Massey Ferguson 135, lililoanza kutengenezwa mwaka 1964, hayana fremu ya chini kama ya lori. Injini, giaboksi na ekseli ya nyuma zimefungwa pamoja kwa bolti, na hizo ndizo uti wa mgongo wake. Sehemu hizo ni za chuma cha kusubu, nacho hakipindi, hupasuka. Dawa yake ni fremu imara inayopita chini ya trekta kutoka ekseli ya nyuma hadi mbele, iliyopimwa kwa aina ile ile ya trekta. Mara nyingi kijiko cha mtumba huuzwa bila fremu hiyo, au na fremu ya trekta jengine.

Jambo la pili ni mafuta. Pampu ya ndani ya trekta hilo iliwekwa kuinulia jembe la plau, na haitoi hata lita 20 kwa dakika. Kijiko kina mkono mkuu, mkono mdogo, ndoo, mzunguko na miguu miwili ya kuegemea, na vyote vinadai mafuta. Kinahitaji pampu yake, inayozungushwa na mhimili wa nyuma kwa mizunguko 540 kwa dakika, pamoja na tangi, chujio na valvu ya kupunguza shinikizo. Fundi anayechota mafuta ya giaboksi kuendeshea kijiko huyarudisha na uchafu na kutu ya mtambo uliolala miaka uwanjani, na giaboksi ndiyo italipia.

Tena tusisahau hewa yetu ya chumvi. Fimbo za silinda zikishaliwa na kutu, huchana mipira ya kuzuilia mafuta kila zinapotoka na kuingia. Mpira wa mafuta uliopasuka nao si wa kupapaswa kwa mkono, kwani mafuta yenye shinikizo hupenya ngozi, na aliyepatwa na hayo apelekwe hospitali papo hapo hata kama tundu ni dogo kama la sindano. Uvujaji utafutwe kwa kipande cha boksi.

Wananchi wa upande wa maweni nao wasidanganyike. Kijiko cha trekta ni cha udongo na mchanga. Hakivunji jiwe la matumbawe.

Kwa hiyo tunavishauri vyama vya ushirika visilipe hata senti moja kabla ya kukiona kijiko kikifanya kazi, fremu yake ikiwepo, na fundi wao akiwa pembeni. Tunawaomba viongozi wanaohusika na kilimo nao watoe mwongozo mfupi kwa Kiswahili, wahakikishe kila kijiko kilichofungwa kinakaguliwa karakanani kabla ya kuingia bondeni, na waendeshaji wanafundishwa. Ukaguzi wa siku moja si gharama ukilinganisha na mguu wa kijana wetu.

Wahenga walisema rahisi ghali. Trekta likipasuka katikati kwa ajili ya mtaro mmoja, ushirika utakuwa umepoteza kijiko na jembe kwa pamoja, na mvua haitangoja vipuri.