Kingereza si cha ubaoni tu!

Vijana wenzetu, tunamaliza sekondari tukijua kujaza « to be » na « to have », lakini mtu akisema sentensi moja ya Kingereza tunabaki tunaangaliana. Juu ya nini? Juu Exetat inapima Kingereza kwa karatasi, unachagua jibu tu. Masikio hayaulizwi hata swali moja, basi darasani hakuna anayeyafundisha. Na Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022! Hii njo shule gani?

Tunadai dakika kumi za kusikiliza katika kila somo la Kingereza. Podikasti za bure zipo: « 6 Minute English » ya BBC ni ya dakika sita hivi, na maandishi yake yapo. Mega ni bei, ndiyo, na hilo tutaendelea kulipigia kelele. Lakini mmoja akipakua, anatumia wenzake kwa Bluetooth.

Tusingojee serikali. Sikiliza kwanza bila kusoma, andika ulichosikia, ndipo ufungue maandishi uone ulipopotea. Mara nyingi ni yale maneno madogo wanayoyameza. Kuacha sauti ilie huku unachati, pale hujifunzi kitu.

Na nyinyi maprefe mnaokataza telefone shuleni, sawa: basi leteni bafle moja.