Barua Inayoshinda Zabuni Kabla ya Zabuni

Raia anapoliona gari la polisi lina redio ya upepo, au anapopiga simu hospitali ya mkoa akapokewa, au anapolipa ushuru katika ofisi ya halmashauri na risiti ikatoka papo hapo, aghalabu hudhani kwamba serikali ilikwenda kwa mtengenezaji wa vifaa vile, ikachagua, ikapatana bei, ikalipa. Mambo hayaendi hivyo. Watengenezaji wakubwa wa ruta, swichi, simu za ofisini na redio za upepo, wawe wa Marekani, China au Ulaya, mara nyingi hawaiuzii serikali kwa mkono wao wenyewe: humuuzia msambazaji, naye msambazaji humuuzia mshirika wa mauzo aliyepewa daraja na cheti, na mshirika huyo ndiye aingiaye katika zabuni, atiaye sahihi mkataba, atoaye mzigo bandarini na apandaye ngazi kufunga antena. Kati ya kiwanda na meza ya mtumishi wa umma wamo, basi, watu wawili au watatu ambao mlipa kodi hawajui kwa sura wala kwa jina, na kila mmoja wao ana faida yake ndani ya bei.

Wako wasemao kwamba dawa ni kuwafuta wote hao na kununua kiwandani. Rai hiyo hupendeza masikioni, lakini haijamfikiria fundi anayeondoka Mbeya usiku kwenda Sumbawanga kwa kuwa mtambo wa simu wa hospitali umezimika. Kampuni iliyoko Shenzhen au California haina fundi wa namna hiyo huku kwetu. Haizijui taratibu za forodha za bandari ya Dar es Salaam kama azijuavyo mwenyeji. Haiko tayari kuisubiri halmashauri mpaka fungu litoke Hazina. Wala haitamfundisha karani wa wilaya namna ya kubadilisha nywila. Kazi hizo zataka mtu wa karibu, na mtu wa karibu ana haki ya kula jasho lake.

Isitoshe, pwani yetu imeizoea tijara ya kupitia mikono mingi tangu kale. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilibeba nguo, shanga na nyaya za shaba zilizokopeshwa na matajiri wa Unguja, na biashara ile, pamoja na dhuluma zake zisizosahaulika, ilikuwa na sharti moja lililowabana wote: aliyekopesha aghalabu hakupata chake mpaka msafara umerudi, na ukipotelea bara, mali yake iliweza kupotea nao. Faida ya mtu wa kati ilifungamana na mwisho wa safari. Mshirika wa mauzo wa leo, kinyume chake, hupokea sehemu kubwa ya malipo yake siku ya kukabidhi masanduku, na kama vilivyomo vitafanya kazi mwaka wa tatu au havitafanya, hilo limeachwa katika dhamiri yake na katika maandishi madogo ya mkataba.

Hata hivyo, mintarafu ya ununuzi wa vifaa hivi, jambo ninaloliona zito kuliko yote ni karatasi moja isiyotazamwa sana. Katika hati za zabuni za vifaa, hapa Tanzania na kwingineko, mzabuni asiyekuwa mtengenezaji huweza kutakiwa aambatishe barua ya idhini kutoka kwa mtengenezaji, yaani maandishi yanayothibitisha kwamba ameruhusiwa kuuza vifaa vile na kwamba dhamana ya kiwanda itasimama nyuma yake. Muradi wa barua hiyo ni mwema, kwa kuwa bila yake soko lingejaa vifaa bandia na vifaa vilivyopitishwa kwa magendo ambavyo, vikiharibika, hakuna wa kuvijibia. Lakini wema wa barua umeingiliwa na desturi nyingine ambayo wauzaji huizungumza kila siku na ambayo wanunuzi wengi hawajaisikia: desturi ya kusajili biashara.

Maana yake ni hii. Mshirika wa kwanza aliyepata habari kwamba wizara fulani au chuo fulani kinahitaji mtandao mpya huipeleka habari hiyo kwa mtengenezaji na kuisajili kwa jina lake. Mtengenezaji akiridhia, humpa punguzo la bei ambalo washirika wenziwe hawatalipata kwa kazi ile ile, hata kama wana daraja sawa na mafundi bora. Desturi hii haikosi insafu, kwa sababu aliyekwenda mara kwa mara katika ofisi ya mteja, akapima majengo na kuchora ramani, hastahili kunyang'anywa kazi dakika ya mwisho na mtu aliyekuwa amekaa. Tena mtengenezaji ni mfanyabiashara huru, naye ana haki ya kumpa punguzo amtakaye.

Tatizo huanza pale mteja anapokuwa serikali, iliyofungwa na sheria kuwashindanisha wauzaji kwa usawa. Siku zabuni zinapofunguliwa, kamati huona majina matano na kuandika katika kumbukumbu kwamba palikuwa na ushindani. Ilhali mmoja kati ya watano hao ananunua kwa bei ya chini na wanne wananunua kwa bei ya juu, wote kutoka kiwanda kimoja, na huenda wengine hata barua ya idhini wameisubiri mpaka tarehe ikapita. Mshindi alipatikana miezi kadhaa nyuma, katika mazungumzo ya faragha ambayo bodi ya zabuni haikualikwa. Fauka ya hayo, yule aliyesajili aghalabu ndiye yule yule aliyemsaidia afisa kuandika sifa za vifaa, na si ajabu sifa hizo zikatokea kulingana neno kwa neno na karatasi ya matangazo ya chapa moja. Hapo huenda hakuna hongo iliyotolewa, wala kifungu cha sheria kilichovunjwa waziwazi, na mkaguzi akija atakuta kila sahihi iko mahali pake.

Wanaoumia kwanza ni wale ambao sheria ilikusudia kuwainua. Tanzania imetenga asilimia 30 ya ununuzi wa umma kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, na Kenya nayo ina fungu kama hilo. Kikundi cha vijana waliohitimu vyuo vya ufundi chaweza kushinda zabuni ya kufunga swichi katika shule kumi. Lakini kwa kuwa hakina daraja kwa mtengenezaji, hulazimika kurudi kwa mshirika mkubwa kuomba vifaa na barua, naye hupanga bei apendavyo. Mkataba una jina la vijana, faida ina jina la mwingine, na takwimu za mwisho wa mwaka huonyesha kwamba lengo limefikiwa.

Pengine msomaji ataona kuwa haya ni mambo madogo ya makarani. Basi na akumbuke rada. Mwishoni mwa karne iliyopita serikali yetu iliagiza mtambo wa kuongozea ndege kutoka kampuni iliyo chini ya BAE Systems ya Uingereza kwa pauni milioni 28. Katika shauri lililomalizika mbele ya mahakama ya Southwark, London, Desemba 2010, ilidhihirika kwamba kiasi cha dola milioni 12, kinachokaribia thuluthi ya bei yote, kilipitia kwa wakala aliyeitafutia kampuni kazi ile, na kwamba katika vitabu vya kampuni malipo yale yaliandikwa kuwa ni ya huduma za kitaalamu. Kampuni haikutiwa hatiani kwa rushwa. Ilikiri kosa la kutotunza hesabu sawasawa, ikatozwa faini ya pauni 500,000, na pauni milioni 29.5 zikalipwa kwa manufaa ya Watanzania, zikanunua vitabu na madawati, nazo ndizo zilizopata umaarufu mitaani na Bungeni kwa jina la chenji ya rada. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika shauri lile daftari lenyewe ndilo lililoshitakiwa.

Wala si lazima pawepo wakala wa siri ili fedha za umma zipotee. Jimbo la West Virginia nchini Marekani, lilipopata msaada wa serikali kuu wa kueneza intaneti mwaka 2010, lilitumia dola milioni 24 kununua ruta zaidi ya 1,000 za Cisco kupitia kampuni ya simu ya Verizon, kila moja kwa zaidi ya dola 20,000, na baadhi yake zikapelekwa katika maktaba ndogo za vijijini zenye kompyuta chache, ingawa mashine zile zilikuwa na nguvu ya kuhudumia majengo makubwa yenye watumishi wengi. Mkaguzi wa bunge la jimbo, katika ripoti yake ya mwaka 2013, alisema kwamba mahitaji ya mahali kwa mahali hayakupimwa kabla ya kununua. Cisco ilijitetea kuwa jimbo lilikusudia miaka ya mbele, na huenda ni kweli. Lakini mnunuzi asiyepima mahitaji yake hupimiwa na muuzaji, na muuzaji hana sababu ya kupima kwa kibaba kidogo.

Kenya ilijaribu njia ya kuwaruka watu wa kati wadogo kwa kumkabidhi kazi mkubwa mmoja. Mwaka 2014, baada ya shambulio la kigaidi la Westgate, serikali iliipa Safaricom jukumu la kuunda mtandao wa mawasiliano ya polisi na kamera za usalama katika miji ya Nairobi na Mombasa, kwa thamani ya karibu shilingi bilioni 15 za Kenya, pasipo zabuni ya wazi, na mitambo ikatoka Huawei. Wabunge walibishana sana juu ya utaratibu ule. Faida yake ni kwamba kuna mlango mmoja wa kugonga mambo yakiharibika. Hasara yake ni kwamba bei haikuwekwa kando ya bei nyingine, na bei iliyo peke yake haiwezi kuitwa rahisi wala ghali.

Lakini ingekuwa dhuluma kuwalaumu wauzaji tu na kuinyamazia serikali, nayo ndiyo mteja mgumu kuliko wote kulipa. Muuzaji hununua kwa dola, msambazaji humpa siku 30 za mkopo au asimpe kabisa, na halmashauri ikamlipa baada ya mwaka au zaidi. Riba ya benki ya miezi yote hiyo ataitia wapi kama si katika bei ya zabuni ijayo? Nchini Kenya madeni ya wazabuni yasiyolipwa yamehesabiwa kwa mamia ya mabilioni ya shilingi, na kwetu pia kilio hicho si kigeni. Wadogo hufilisika wakisubiri, wakubwa wenye mtaji hubaki, na wakibaki wachache ndipo kusajili biashara kunapokuwa sawa na kugawana nchi.

Rai yangu, kwa hiyo, ina pande mbili, na kila upande unautegemea mwenziwe. Upande wa kwanza ni kuifunua barua. Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma iagize kwamba kila mzabuni wa vifaa vya mawasiliano aeleze kwa maandishi iwapo biashara ile imesajiliwa kwa mtengenezaji, lini, na kwa jina la nani. Kwamba mtengenezaji anayetaka vifaa vyake viingie katika ofisi ya umma atoe barua kwa kila mshirika wake mwenye sifa na kwa msingi mmoja wa bei. Na kwamba malipo yote ya mawakala, yaitwe ushauri au huduma, yaandikwe katika mkataba ambao Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ataweza kuusoma. Aliyefanya kazi ya kupima majengo alipwe ujira wa kupima, kwa mkataba wake na hadharani, ili asihitaji kujilipa kwa punguzo la siri.

Upande wa pili ni serikali kuwa mnunuzi wa kuheshimiwa: iandike kazi inayotaka ifanyike badala ya chapa inayotaka iletwe, ilinganishe gharama ya miaka mitano pamoja na leseni, vipuri na mafunzo, kwa kuwa kifaa chenye bei ya chini huweza kuwa na leseni ya kila mwaka inayokizidi thamani, ibakize sehemu ya malipo mpaka mtambo umethibitika kufanya kazi, ili faida ya muuzaji ifungamane tena na mwisho wa safari, na sehemu iliyokwisha stahili kulipwa iilipe kwa tarehe yake, la sivyo ilipe na riba.

Chombo cha kufanyia haya hatuhitaji kukiunda upya. Tangu mwaka 2023 ununuzi wa umma Tanzania umehamia katika mfumo wa kielektroniki wa NeST, ambamo zabuni hutangazwa, maombi hupokewa na washindi hutajwa. Ukurasa mmoja wa tamko ukiongezwa humo utakuwa na nguvu kuliko semina nyingi za maadili. Na kabla ukurasa huo haujaongezwa, afisa ununuzi wa wilaya yoyote anaweza kuanza leo bila kusubiri kanuni, kwa kumwandikia mtengenezaji swali moja ambalo wauzaji wote hulijua na wanunuzi wachache huliuliza: kazi hii ninayotaka kuitangaza, ni nani amekwisha isajili?