Intavyu ya chuo cha biashara: mbona tunaficha kibanda?

Hebu niseme, mkinuna mnune. Ukiomba digrii ya biashara kupitia KUCCPS, hakuna anayekuhoji. Wanaangalia pointi zako za KCSE tu. Lakini vyuo vingine vya binafsi, na MBA hasa, unaitwa intavyu. Hapo ndipo sisi vijana wa Ukunda na Msambweni tunajiangusha wenyewe.

Unaulizwa, "Kwa nini biashara?" Unajibu ya kukariri: "Nina maono ya uongozi." Maono gani, ndugu yangu? Si umekua ukimsaidia mamako kuuza viazi karai? Mvua za Aprili na Mei zikianza, wageni Diani wanapungua, hoteli zinapunguza watu, na bado mamako anajua akate viazi kiasi gani, nani akopeshwe na nani aambiwe "njoo kesho". Si ndiyo biashara hiyo?

Basi sema hivyo. Taja mtaji, taja faida, taja hata ile wiki mliyokula hasara. Kingereza kikikwama, vuta pumzi uendelee. Anayekuhoji amesikia "maono" tangu asubuhi. Habari za kibanda chenu hajasikia.