Kasuku wako hahitaji bugali na chai

Wiki jana nilipita kwa jamaa moja hapa mjini Beni iliyopokea wahami kutoka wilaya ya Mambasa. Uwanjani, juu ya kijiti, kulikuwa kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Mbele yake kulikuwa bugali ya jana na kipande cha mkate kilicholowekwa katika chai ya sukari. Pua yake ilitoa maji, na alipojaribu kugeuka miguu ilitetemeka.

Mama mwenye ndege aliniambia: «Tulikimbia naye ndani ya kitunga. Anakula kile tunachokula.» Kisha kasuku akaita jina la mtoto wa nyumba. Mama akanyamaza kidogo, akasema ile ni sauti ya tate wa watoto, mama yake mzazi, aliyefariki kabla hawajakimbia. Ndani ya nyumba ile hakuna picha ya tate. Kuna kasuku tu.

Ndiyo sababu naandika leo. Wengi wetu tunafikiri kumpenda kasuku ni kumpa chakula cha mezani. Mimi nasema hapana. Bugali, mkate, mchele mtupu, chai na biskuti vinamjaza tumbo, lakini vinamuua polepole. Na chakula kinachomfaa kipo karibu na mlango wetu.

Najua jibu la wengine: «Watoto wetu hawajashiba, wewe unatuletea habari ya ndege?» Swali hilo ni la haki. Lakini kasuku mkubwa ana uzito wa karibu gramu 400 hadi 500 tu. Vijiko vitatu vya mezani asubuhi na vitatu jioni vinamtosha. Sehemu kubwa ya chakula hicho ni majani, maganda ya boga, kipande cha papai, vitu ambavyo mara nyingi tunavitupa. Hakuna mtoto atakayenyang'anywa sahani. Kinyume chake, bugali ile anayopewa ndege ingerudi kwa mtoto.

Tuanze na mahali kasuku anakotoka. Porini hula matunda ya miti, mbegu na njugu, na anapenda sana ngazi za mchikichi. Sisi watu wa Beni tunazo ngazi na mawese. Ile rangi nyekundu ya mawese ina kitu kinachogeuka vitamini A mwilini, na kasuku anayelishwa mbegu kavu au bugali tu hukosa vitamini hiyo. Ndipo pua inatoka maji, macho yanavimba, na madoa meupe yanaonekana mdomoni. Mpe ngazi moja iliyochemshwa, au changanya robo ya kijiko cha chai cha mawese katika chakula chake. Usizidishe, maana akikaa amefungwa bila kuruka, mafuta yanamnenepesha.

Nusu ya chakula chake iwe mboga: lengalenga kidogo, majani ya boga, karoti zinazoshuka kutoka Lubero, boga lililochemshwa, mahindi mabichi. Hata pilipili mpe, pamoja na mbegu zake. Ndege hasikii ukali wake kama sisi, na pilipili nyekundu ina vitamini A. Robo iwe maharagi yaliyoiva kabisa, mchele au viazi vitamu, vyote vimechemshwa bila chumvi. Ukipika kwa ajili ya nyumba, toa kijiko chake kabla hujatia chumvi na kitunguu. Robo inayobaki iwe matunda: papai, ndizi, embe, pera, maracuja. Karanga mpe chache tu, kama zawadi.

Jambo la pili ni chokaa ya mifupa, yaani kalisi. Kasuku wa kijivu ni mwepesi kuikosa kuliko ndege wengi. Akiikosa anatetemeka, anaanguka kutoka kijiti, na anaweza kushikwa na degedege. Dawa ya kuzuia hayo si ya bei kali. Chukua ganda la yai, lichemshe, likauke, lisage liwe unga, kisha nyunyiza chembe kidogo juu ya mboga mara tatu kwa wiki. Halafu mtoe kwenye jua la asubuhi, akiwa na kivuli cha kukimbilia. Bila jua mwili wake hautumii vizuri kalisi unayompa.

Sasa sikilizeni vizuri vitu vya hatari, kwa sababu vingine vinatoka katika mashamba yetu wenyewe. Avoka ni sumu kwa kasuku, usimpe hata ganda. Kakao pia ni sumu, na hapa kwetu tunaianika uwanjani, kando ya njia, mahali ndege anaweza kushuka na kudonoa. Kahawa ni hivyo hivyo. Kasiksi, bia na pombe nyingine yoyote si mchezo. Wale wanaomnywesha ndege ili wacheke akiyumba wajue wanacheka na kifo. Majani mabichi ya muhogo yana sumu, ndiyo maana sisi tunayatwanga na kuyapika muda mrefu, na sombe yetu ya chumvi haimfai. Maharagi mabichi usimpe. Karanga zenye ukungu tupa. Sumu ya ukungu huo huharibu ini la ndege, na huharibu la mtu vilevile.

Usibadilishe chakula kwa siku moja. Kasuku aliyezoea mkate anaweza kuangalia mboga na kukataa kula mpaka azimie. Weka boga kidogo kando ya chakula cha zamani, ongeza kila siku, na kula kipande mbele yake, kwani anapenda kuiga. Ukiweza, mpime kila wiki kwenye mizani ya muuza samaki. Akipungua sana, rudi nyuma kidogo. Chakula kibichi kisikae kwenye joto zaidi ya saa mbili au tatu. Maji yabadilishwe asubuhi na jioni, na yawe yale unayoyanywa wewe.

Neno moja kwa walio katika nyumba zilizojaa watu. Usimlishe kasuku kwa mdomo wako, wala usiache watoto wambusu. Kinyesi chake kikikauka, vumbi lake linaweza kuleta ugonjwa wa mapafu kwa watu. Loweka kwa maji kabla ya kufagia, kisha nawa mikono.

Na kwa wale wanaotaka kununua mwingine sokoni, maoni yangu ni mafupi: acheni. Mwaka 2016, mjini Johannesburg, mataifa ya mkataba wa CITES yalimweka kasuku wa kijivu katika orodha ya kwanza, ile ya wanyama walio hatarini zaidi. Misitu inabaki kimya kwa sababu wategaji wanajua kuna mtu atakayenunua. Kasuku akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 40 na zaidi. Je, wewe unayenunua leo umejiandaa kumlisha miaka yote hiyo? Na aliye na ndege asiyeweza kumlisha asimuuze kwa mchuuzi. Aende aulize kwa watu wa ICCN.

Kwa yule mama sikutoa hotuba. Tulikata papai, tukachemsha boga na maharagi machache, tukatia tone la mawese. Siku ya kwanza kasuku alitupa vyote chini. Siku ya nne alikula boga. Juzi nilipopita, bado alitetemeka kidogo, na niliwaambia wamtafute daktari wa mifugo. Lakini sauti ilikuwa na nguvu. Aliita jina la mtoto mara mbili, na mtoto akaitika: «Naam, tate.»

Jamaa hii imepoteza nyumba, shamba na makaburi yake. Isipoteze na sauti hiyo kwa sababu ya mkate na chai.