Kompyuta ikilia, inasema nini?

Vijana kadhaa wa hapa Goma wanaojifunza kuandika programu wanatumia akili bandia kama Claude Code. Unaipa kazi, inaandika yenyewe, wewe unangoja. Ndiyo maana kuna vifaa vidogo vinavyoleta ujumbe au mlio kwenye kompyuta. Vizuri. Lakini mlio huo una maana gani? Kazi imekwisha, ama mashine imesimama inaomba ruhusa ya kufuta faili? Kijana aliyekimbia vita, anayelipia umeme wa jenereta kwa saa, anakaa akingoja mashine kumbe ndiyo inayomngoja yeye. Franga zinaisha bure.

Sisi redioni tukitangaza ugawaji wa chakula bila kutaja mahali na saa, mnatupigia simu papo hapo, tena kwa hasira. Basi mwenye kutengeneza kifaa naye aandike: kila mlio na maana yake, namna ya kuujaribu, na hasa sababu za ukimya. Kwenye Linux, vingi vinapitia amri ya notify-send. Kama haimo, huoni kitu. Sentensi moja tu ingetosha. Na iwe kwa Kiswahili pia, maana huku tumesoma kwa Kifaransa na maelezo mengi yanakuja kwa Kiingereza.