Kuendesha Linux Hakuifanyi Bodi Kuwa Huria

Waulize wapenzi wa kompyuta za bodi moja kwa nini wamechagua bodi fulani, wengi watakujibu: inaendesha Linux, kwa hiyo iko wazi na itadumu. Imani hiyo ni potofu, na inawatia hasara wanafunzi, walimu na mafundi ambao fedha zao ni za kudunduliza.

Tazama chipu ya Allwinner H3, iliyotumika kwenye bodi nyingi za bei nafuu za Orange Pi. Allwinner iliitoa na kerneli ya Linux 3.4, toleo la 2012, iliyojaa marekebisho yake yenyewe. Mwaka 2016 ikagundulika kwamba kerneli hiyo ina mlango wa uani ulioachwa wazi: programu yoyote ikiandika neno "rootmydevice" kwenye faili moja iliyo chini ya /proc, inapewa mamlaka yote ya mfumo. Hiyo nayo ilikuwa Linux.

Watetezi watasema leseni ya GPL inamlazimu mtengenezaji kutoa msimbo. Ni kweli. Lakini msimbo usipofika kwenye kerneli kuu ya Linux, kila toleo jipya linaiacha bodi nyuma, na viraka vya usalama haviifikii. H3 iliokolewa na jumuiya ya linux-sunxi, watu waliojitolea kuandika upya draiva zake. Kwa upande wa video ilibidi waichunguze chipu rejista kwa rejista, na mwaka 2018 kampuni ya Bootlin ya Ufaransa ikauomba umma michango ili draiva ya video iandikwe na kuingizwa kwenye kerneli kuu. Watu wakachangia kufunguliwa kwa kitu walichokwisha kukinunua.

Hata kwenye Raspberry Pi, tangu ile ya 2012, kinachoamka kwanza ni kichakata picha, kikiendesha programu iliyofungwa, ndipo Linux ipewe zamu.

Wala tusiambiwe kwamba haiwezekani kufanya vinginevyo. Bodi ya BeagleBone Black ya 2013 ilitoka na michoro yake ya saketi hadharani, na mwongozo wa chipu yake, wenye maelfu ya kurasa, unapakuliwa na yeyote.

Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, uliza: je, kerneli kuu inaiwasha bodi hii bila viraka vya muuzaji? Je, mwongozo wa chipu unapatikana bila kusaini mkataba wa siri? Jibu likiwa hapana, gigabaiti za RAM zisikutie tamaa. Wauzaji wataanza kuchapisha nyaraka siku tutakapoanza kuzikataa bodi zisizo nazo.